Maswali Yenu: Pindo la Kwilti na Alama Zinazogoma Kutoka

Barua za safari hii nyingi zimetoka kando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Uso wa kwilti umeshaungwa, viraka vimekaa sawa, sasa pale pembeni pashonwe nini, na mchoro uwekwe kwa kitu gani kisichobaki kitambaani? Kwa wageni wa ukurasa huu: kwilti ni tandiko la tabaka tatu, yaani uso, pamba ya kati na kitambaa cha mgongoni, zilizoshikwa pamoja kwa bandi ndogondogo za mkono. Bandi hizo ndizo pambo lenyewe. Mchoro ukikosewa kwenye pindo, yaani ule mkanda mpana unaozunguka pembeni, hakuna kiraka cha kuuficha.

*Shikamooni wahariri. Kwilti yangu ni ya kitanda cha futi tano kwa sita. Pindo lina upana wa sentimita 20. Ukingo wa ndani wa pindo, upande mfupi ni sentimita 146 na mrefu 183. Nataka mnyororo wa macho, yaani maumbo ya jicho yaliyofuatana, uzunguke pande zote nne. Nimekata kiolezo cha jicho la sentimita 12, nikaanza kuchora kutoka kona moja. Nilipofika kona ya pili jicho la mwisho limekatika katikati. Nifute lote?*
Msomaji, Nyegezi

Marahaba. Futa, ila usitupe kiolezo.

Kosa lako ni kuanza kuchora kabla ya kugawanya. Pindo huhesabiwa kwanza kwenye karatasi. Ondoa kona nne: kila kona ni mraba wa sentimita 20 kwa 20, sawa na upana wa pindo, nayo ina mchoro wake peke yake. Zinabaki pande nne zilizonyooka, zenye vipimo vile ulivyotupa. Gawanya kila upande kwa urefu wa kiolezo: 146 kwa 12 ni 12 na kidogo, 183 kwa 12 ni 15 na kidogo. Chukua namba nzima iliyo karibu, kisha gawanya upya. Upande mfupi utabeba macho 12, kila moja likipewa nafasi ya sentimita 12.17. Upande mrefu utabeba macho 15, kila moja likipewa sentimita 12.2. Kiolezo chako cha 12 kinatosha kwa pande zote. Kati ya jicho na jicho utaacha upenyo wa milimita mbili hivi, na hakuna atakayeuona kitanda kikitandikwa.

Sasa namna ya kuweka alama. Usiruke 12.2, halafu 12.2 nyingine, ukihamisha rula kila mara. Kosa la milimita moja kwa kila hatua, mara 15, ni sentimita moja na nusu, na hiyo ndiyo itakayokukata jicho tena. Laza futi ya kamba mara moja kutoka kona hadi kona, ibane kwa pini, kisha weka nukta kwenye 12.2, 24.4, 36.6, 48.8 na kuendelea. Baada ya hapo chora kutoka kona zote mbili ukielekea katikati. Kama kuna milimita tatu zimepotea mahali, zigawe kwenye macho matatu ya katikati, si kwenye kona. Jicho la mtu hukagua kona kwanza.

(Mafundi wengi wa mjini hupima kwa inchi, na hatuna ugomvi nao. Kwa kugawanya pindo tumia sentimita tu. Kugawa inchi 57 na nusu kwa 12 ni kujitafutia maumivu ya kichwa.)

Kona yenyewe: macho hayapindi. Weka ua la petali nne katikati ya mraba, au macho mawili yanayokatana kwenye mistari ya ulalo. Chora kona zote nne kabla ya kugusa pande, na hakikisha mchoro wa kona ni uleule ukiutazama kutoka upande wowote wa ulalo wake.

Halafu, kabla ya yote, pima pande zinazotazamana. Ukikuta mmoja ni 183 na mwenzake 184.5, hesabu kila mmoja kivyake lakini idadi ya macho iwe ileile.

*Uso wa kwilti yangu ni kitenge cha bluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Nataka mawimbi na samaki kwenye pindo. Pande za ndani ni sentimita 160 na 200. Penseli haionekani, chaki inapukutika kabla sijashona nusu. Jirani kaniambia nitumie kalamu ya wino mweupe.*
Msomaji, Nansio, Ukerewe

Kalamu ya wino mweupe iache dukani. Ile ni rangi, na ikishaingia kwenye pamba haitoki.

Kitambaa cheusi au cha bluu iliyokoza huchorwa vizuri kwa kipande cha sabuni. Tafuta sabuni nyeupe isiyotiwa rangi wala mafuta ya kulainisha ngozi, kwa sababu mafuta hayo huacha doa pasi ikipita. Chukua kile kipande chembamba kinachobaki sabuni inapoisha, kiache kikauke siku mbili tatu, kisha kichonge ukingo kwa kisu mpaka uwe mkali kama patasi. Mstari wake ni mwembamba, unashika kuliko chaki, na ukifua umekwenda.

Chaki nayo si mbaya, umeitumia tu kinyume cha kazi yake. Ya udongo, ile inayopukutika, huchorwa sehemu utakayoshona kwa mkao mmoja, sentimita 30 hivi, halafu unasogea. Usichore pindo zima Jumapili ukashona mpaka Ijumaa. Iliyo ya kuogopwa ni chaki ya nta, inayoteleza kama mshumaa: haipukutiki, lakini joto la pasi huiyeyusha ndani ya nyuzi na kuacha alama ya mafuta. Utaitambua ukiikwangua kwa ukucha, haitoi unga.

Njia ya tatu haina rangi kabisa. Kwangua mstari kwa mgongo wa kisu cha mezani, au kwa sindano nene butu uliyoilaza, ukibonyeza juu ya tabaka tatu zilizokwisha kushikizwa. Kitambaa kinabaki na mfereji unaong'aa. Wajapani wana kifaa chao cha kazi hii, kiitwacho hera. Mfereji hukaa vizuri kwenye pamba tupu. Kwenye kitambaa chenye tetroni, yaani polyesta, hurudi ndani ya dakika chache, kwa hiyo hapo usijisumbue.

Lolote utakalochagua, kitenge kifuliwe kwanza. Kitenge kipya kina dawa ya kiwandani inayokifanya kiwe kigumu na king'ae, na juu ya dawa hiyo sabuni inateleza. Pia pamba hupungua maji yakiigusa, asilimia tatu mpaka tano ni kawaida. Ipungue sasa, si baada ya kazi ya miezi mitatu.

Mawimbi yana kanuni yake. Wimbi linakwenda nundu nje, nundu ndani. Ili kona zote nne zifanane, kila upande lazima uanze na kuishia kwa nundu ya aina moja, kwa hiyo idadi ya nundu iwe witiri: 13, 15, 17. Ukiweka shufwa, kona moja itaingia na nyingine itatoka, na hapo kila mtu ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni nini. Kwako wewe: upande wa 160 weka nundu 15, kila moja sentimita 10.67. Upande wa 200 weka nundu 19, kila moja 10.53. Tofauti ni milimita moja na kitu.

Kuzichora hakuhitaji ufundi wa uchoraji. Piga mstari mwepesi katikati ya upana wa pindo, weka nukta zako, kisha chukua kisosi chenye kipenyo cha sentimita 15. Kisogeze mpaka ukingo wake ugonge nukta mbili zinazofuatana, chora tao la nje. Kwa nukta mbili zinazofuata kigeuzie upande wa pili, chora tao la ndani. Kila nundu itapanda sentimita mbili na robo hivi. Ukitaka wimbi lilale zaidi, tumia sahani kubwa, usihamishe nukta.

Samaki wote ni mmoja aliyerudiwa, kwa hiyo mchoree karatasi ya khaki mara moja. Toa uzi kwenye cherehani, weka sindano kuukuu iliyo nene, refusha hatua, na upite juu ya mchoro. Sindano itatoboa tundu kwa tundu. Geuza karatasi uisugue mgongoni kwa msasa mwembamba ili matundu yafunguke, la sivyo unga hautapita. Funga unga wa chaki kwenye kitambaa chepesi kama kifundo, ulaze karatasi juu ya kwilti, gonga gonga kwa kifundo, usipake. Nyanyua karatasi wima. Samaki yupo kwa nukta, unaziunga kwa sabuni. Karatasi moja itakutolea samaki wote wa pindo.

Angalizo kwa wanaopenda kujaza maelezo: mistari miwili ya bandi isikaribiane chini ya sentimita moja. Magamba madogomadogo huonekana vizuri kwenye penseli, yakishonwa yanakuwa bonge lililokakamaa. Mwili, pezi moja, jicho na mstari wa shingo vinatosha, sato atajulikana.

*Nilichora kwa kalamu ya bluu inayofutika kwa maji. Nimeshona wiki tatu. Mwisho nikapiga pasi ikae vizuri kabla sijaifua, na mistari yote imegeuka kahawia. Inatoka?*
Msomaji, Igoma

Pole. Pasi ndiyo iliyoharibu. Wino ule huondoka kwa maji baridi peke yake. Joto huubadilisha na kuukazia kwenye nyuzi, iwe pasi, maji ya moto, au kwilti iliyosahaulika kwenye kiti cha nyuma cha gari lililoegeshwa juani.

Jaribu hivi: beseni la maji baridi mengi, siki nyeupe kikombe kimoja kwa lita tano, loweka saa moja, suuza, rudia. Jaribu kwenye pembe ya mgongoni kwanza. Huenda ukapungua, huenda usitoke kabisa, na hatutakudanganya kwamba kuna dawa ya uhakika. Usiweke jiki. Itafifisha kitambaa na kuuacha mstari.

Kwa wengine ambao bado hawajafika huko: kunyunyizia maji juu ya mstari hakutoshi. Bluu inatoweka usoni lakini wino umeshuka tu kwenye pamba ya kati, na kwilti ikikauka unapanda tena kama utosi wa kiboko. Zamisha tandiko lote kwenye maji baridi, bila sabuni, suuza mara mbili, anika kivulini. Sabuni ya unga ni mara ya pili, baada ya wino kwisha.

Kalamu ya zambarau inayofutwa na hewa ni ndugu yake, ila kwa pindo haifai. Hutoweka yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na hewa yenye unyevu huiharakisha. Kando ya ziwa msimu wa mvua unaweza kuchora jioni na usikute kitu asubuhi.

*Tunalima pamba. Naweza kutumia ya shambani katikati ya kwilti badala ya kununua faiba?*
Msomaji, Misungwi

Unaweza, na mtu wa jirani na Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa pamba, kununua pamba ya kiwandani ni sawa na mvuvi kununua samaki wa kopo. Ila pamba ya kuchambua kwa mkono ina masharti matatu.

La kwanza ni mbegu. Toa zote, na vipande vya maganda pia. Mbegu ya pamba ina mafuta. Ikipondwa ndani ya tandiko, mafuta hayo hutokeza usoni kama madoa ya hudhurungi, tena baada ya kufua mara kadhaa, wakati huna tena la kufanya.

La pili ni kiasi. Kwilti ya sentimita 186 kwa 223 inataka nusu kilo tu ya pamba nyuzi iliyochanuliwa na kutandazwa sawasawa. Hiyo ni takribani kilo moja na nusu ya pamba mbegu, yaani kabla mbegu hazijatolewa. Watu hujaza kilo mbili wakidhani wanatengeneza godoro, kisha wanalalamika sindano haipiti. Itandaze juu ya shashi ili isikimbie unaposhikiza.

La tatu ndilo linalogusa pindo. Pamba hii haijafungwa na gundi wala kupigwa sindano za kiwandani, kwa hiyo kinachoishikilia ni bandi zako tu. Mistari isiachane zaidi ya sentimita tano popote. Ukiacha pengo la sentimita 10 kati ya wimbi na ukingo, ukifua mara ya kwanza pamba itajikusanya pembeni kama ugali uliopoa. Jaza mapengo hayo kwa macho ya nyavu: mistari ya mshazari inayokatana, kila mmoja sentimita nne kutoka kwa mwenzake. Mistari hiyo huna haja ya kuichora. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi, shona ukifuata ukingo wake, bandua, sogeza. Tepu isilale kitambaani hata usiku mmoja, gundi yake hubaki.

*Fremu yangu ya duara inashika vizuri katikati, lakini nikifika pembeni haina cha kubana.*
Msomaji, Kirumba

Shonea kipande cha taulo kuukuu au kanga iliyochakaa, upana wa sentimita 20, kwenye ukingo wote wa kwilti kwa bandi kubwa. Fremu itabana taulo, pindo litabaki ndani. Ukimaliza unafumua. Usikaze fremu kama ngoma. Ukibonyeza katikati kwa kidole kitambaa kishuke kama sentimita mbili, la sivyo sindano haitaweza kucheza juu na chini. Na uitoe fremu kila unapoacha kazi, alama ya duara ikikaa siku kadhaa ni ngumu kulainika.

*Pindo langu linapiga mawimbi ambayo sikuyashona. Katikati pamelala, pembeni panasimama.*
Msomaji, Musoma

Sababu ni mbili, mara nyingi zinakuja pamoja.

Kipande cha pindo kilikatwa kwa kufuata ukingo wa kwilti, na ukingo huwa umevutika. Pima urefu ukipita katikati ya kwilti, si pembeni. Pima mahali patatu, chukua wastani, kata vipande viwili vya pande zinazotazamana kwa kipimo hichohicho, kisha bana kwa pini kuanzia katikati na ncha ili ukingo uliovutika ujibane kuingia.

Ya pili ni msongamano wa bandi. Kila mstari hunyonya kitambaa kidogo. Katikati ukishona kila sentimita tatu na pindo ukaliacha na mstari mmoja tu, katikati pamejivuta na pindo limebaki na urefu wake wa zamani. Lazima lisimame. Kama tayari umemaliza, bado kuna nafasi: ongeza mistari kwenye pindo, hata mitatu inayofuatana na ukingo, uone litakavyolala. Ni nafuu kuliko kufumua.

Na kwa anayeanza leo: bandi huanzia katikati kwenda nje, pindo huwa la mwisho. Ukianza na pindo, ziada yote ya kitambaa inafungiwa katikati na inavimba.

*Hatua ngapi za bandi kwa inchi? Na fundo nalificha wapi?*
Msomaji, Bukoba

Anayeanza, hatua nne au tano zinazolingana. Mzoefu hufika sita mpaka nane, tukihesabu zinazoonekana usoni. Ulinganifu kwanza, udogo utakuja wenyewe. Tumia sindano fupi, namba 9 au 10, na kastabini kwenye kidole cha kati. Uzi usizidi sentimita 50, maana mrefu zaidi huchakaa kwa kupita tundu lilelile. Ukikwama, upake nta ya nyuki kisha uubane kwa pasi ya vuguvugu kati ya karatasi mbili, uache nta ya ziada pale.

Fundo: zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, vuta mpaka mwisho. Ingiza sindano usoni sentimita mbili kabla ya pale unapoanzia, itokeze kwenye mstari, kisha vuta kwa mshtuko mdogo. Utasikia fundo likizama ndani ya pamba. Likipita moja kwa moja mpaka upande wa pili, umevuta kwa hasira au fundo ni dogo, ongeza mzunguko mmoja.

*Nimechora pindo zima kwa kalamu ya ofisini inayofutika kwa joto. Pasi imeifuta yote, safi kabisa. Kwilti inakwenda kwa binti yangu Norway. Kuna tatizo?*
Msomaji, Capri Point

Lipo. Wino wa kalamu kama FriXion haufutiki, unakuwa tu hauna rangi ukipata joto la nyuzi 60 hivi. Ukipata baridi kali, kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri kushuka, rangi inaweza kurudi. Mwanza hutaijua baridi hiyo maisha yako yote. Norway wakati wa baridi ipo, na kwenye sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwepo. Mama, chora kipande cha kitambaa kilekile kwa kalamu ileile, kipige pasi, kilaze usiku mmoja kwenye friza. Kikitoka na mstari, fua kwilti yote kwa maji na sabuni mara mbili, ujaribu tena na kipande kingine ulichokifua pamoja nayo. Ukiona mstari bado unarudi, mwandikie binti apitishe pasi mara tu kifurushi kikifika, na asiianike nje wakati wa theluji.